Balungi Kabla ya Chai

Tangu asubuhi Najla alikuwa ananusa kitambaa. Alikitia matone mawili ya mafuta ya balungi, yale yanayokamuliwa kwenye ganda, maana wateja wake wa mafuta ya kunukia huwaambia kwamba yanatuliza moyo. Wake haukutulia hata chembe. Akaongeza tone, akaongeza jingine, mpaka akawa anacheka peke yake jikoni, kichwa chepesi, nyumba nzima pale Wembley ikinukia.

Na angetulia vipi? Leo Harith alikuwa anakuja kumposa! Miaka yote mjomba wa Harith, Mzee Msabaha wa Woolwich, alikuwa akipiga chenga, na hatimaye alikubali kupanda treni kuja kusema neno. Na kwa adabu za Kiunguja, mzee yule hana mchezo. Likiharibika leo, harudi.

Wageni wakaketi, wakaulizana hali, wakailalamikia baridi. Mama yake Najla, Bi Kijakazi, akaenda kupanga sambusa. Najla uvumilivu ukamshinda. Kwa ajili ya siku hii alikuwa amelichanganya balungi na mafuta ya lozi, lisichome ngozi, na harufu ya balungi ina haraka zake. Akaingia na kichupa, akampaka Mzee mgongoni mwa mkono, kisha Harith.

"Haikai hii, Mjomba. Ndiyo maana nimewahi."

Harith akamtolea macho.

"Najla! Now?"

Mzee Msabaha akavaa kofia yake, akainuka.

"Bi Kijakazi," akaita kuelekea jikoni, "tumeshukuru. Mmetupokea vizuri."

"Mnakwenda wapi? Hata chai hamjanywa!"

"Tumeshapakwa mafuta."

Hapo ndipo Najla alipokumbuka. Kwao, manukato hutolewa mwisho. Mgeni akishapakwa ameshaagwa, na kuendelea kukaa ni kukosa haya. Alikuwa amewatoa nje watu waliokuja kumposa, tena kabla hawajafungua mdomo.

"Umewafukuza wakwe!" Bi Kijakazi akapiga kelele, sinia mkononi.

Najla alitoka mbio na ndara za msalani, kichupa bado mkononi, anacheka huku machozi yanamtoka, hajui lipi ni lipi. Akawakuta kituoni, basi linakuja.

"Mjomba, nisamehe, I'm so sorry, nilitaka mnuse tu! Mimi Harith namtaka. Namtaka miaka! Rudi useme ulilokuja kusema, jibu langu ninalo."

Mama mmoja kwenye foleni, ambaye Kiswahili hakijui hata neno, akapiga makofi. Harith alikuwa anatabasamu mpaka masikioni, lakini mbele ya mjomba wake hakuthubutu kutia neno.

Mzee Msabaha akauinua mkono, akaunusa taratibu. Akaunusa tena.

"Imeshakwenda," akasema.

Najla alisimama karibu naye, na balungi lilikuwa linamjia puani waziwazi, kali na tamu, kama limemenywa sasa hivi. Akamtazama mzee usoni. Mzee hakupepesa jicho.

"Imekwenda, Mjomba," akajibu.

"Basi kama haipo, sijapakwa. Na kama sijapakwa, sijaagwa."

Akaliacha basi lipite, akageuka kuelekea nyumbani kwa kina Najla. Halafu akasimama, akanyoosha kiganja.

"Lakini hicho kichupa, mwanangu, nipe nikae nacho mimi mpaka nimalize kuposa."