Nyuzi Nne

Saa mbili kamili asubuhi mfamasia alimaliza kuchanganya dawa ya fundi cherehani. Aliandika saa hiyo kwenye lebo ya mfuko wa dripu, na chini yake saa ya mwisho: nane mchana. Dawa ile ya saratani ikishachanganywa hudumu saa sita mezani, au siku nzima ndani ya friji. Friji yao ilikufa mwaka juzi. Barua za kuomba nyingine zilikuwa zimefika tisa.

Mwenye ruhusa ya kusaini dozi alikuwa daktari bingwa peke yake, naye kila Jumatano hukaa kikaoni na wakubwa wa hospitali hadi saa tisa. Chumba cha kuchanganyia nacho hufungwa saa mbili na nusu asubuhi ili kubana umeme. Basi fundi, mjane wa miaka sitini na mmoja, alikaa kwenye kiti cha tatu karibu na dirisha, akaitazama dawa yake kupitia kioo mpaka muda wake ukapita.

"Imeharibika, mama," mfamasia alimwambia.

"Mbona iko vilevile?"

"Haibadiliki rangi. Inaharibika kimyakimya."

"Kama mimi." Fundi alicheka kidogo. "Usijilaumu, mwanangu. Ila koti hilo limekubana kwapani. Niletee nilipanue."

Mfamasia aliimwaga dawa kwenye ndoo ya njano kwa mikono yake mwenyewe. Jumatano iliyofuata aliimwaga tena, na ya tatu pia. Kabla ya Jumatano ya nne fundi alifariki. Walimzika Jumapili.

Jumatano fundi alikuja saa moja kasoro robo, kama kawaida yake, akakaa kwenye kiti cha tatu. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu. Muuguzi alimwomba avipanguse mlangoni, naye akainuka akavipangusa.

"Mama, dozi yako wameshaifuta," mfamasia alisema.

"Najua. Nimekuja kukaa tu. Huko kimya kimezidi."

Mfamasia alipompa mkono, baridi ilimpanda hadi kwenye kiwiko. Alileta kipimajoto, akakiweka kiganjani mwa fundi. Kwa nusu saa nzima kilisoma nyuzi nne, bila kupanda wala kushuka.

"Ndizo zinazotakiwa kwa dawa," alisema.

"Nyuzi nne tu? Mimi nimeshika nyuzi maisha yangu yote."

Siku hiyo mfamasia alimpakatisha mifuko saba: ya mpiga chapa, ya mama wa mapacha, na ya wengine watano. Daktari alitoka kikaoni saa tisa na dakika ishirini, akasaini. Dawa zote zilikuwa nzima. Mama wa mapacha alipowekewa yake alisema shukrani, na fundi akajibu kwamba si kitu, mwanangu, wewe pona tu.

Ikawa hivyo miezi mitatu. Ndoo ya njano ilikaa tupu. Mfamasia aliandika barua ya kumi, akaeleza kila kitu kama kilivyo, pamoja na tarehe ya mazishi. Alijibiwa ndani ya wiki moja. Kwa kuwa upotevu wa dawa umekwisha, ombi la friji limefungwa. Aidha, uongozi unauliza kama mama huyo anaweza kuja Ijumaa pia.

Aliweza. Kikao cha Jumatano kikarefushwa hadi saa kumi.

Mfamasia aliisomea barua ile chooni mara mbili, akanawa uso, akarudi kazini.

Binti wa fundi alipopata habari alikuja Jumatano moja adhuhuri, akiwa bado na sare ya kazini kwake.

"Mama, utapumzika lini?"

"Leo wako kumi na mmoja. Nisogezee mfuko huo wa pembeni, unateleza."

Binti aliusogeza. Kisha akavuta kiti, akakaa ubavuni pake. Alitaka kumshika mkono, lakini mikono yote miwili ilikuwa imejaa dawa za watu, nayo haikupaswa kupata joto. Akashika upindo wa gauni la mama yake, wakasubiri saini.