Daktari wa Bibi Elinipa

Jumatano jioni, katika sehemu ya kumi na moja ya tamthilia, daktari alitazama picha ya kichwa chake mwenyewe akakuta kina uvimbe. Bibi yangu Elinipa akaweka kikombe cha chai chini na kusema, "Zima."

Nikazima. Nje ng'ombe alikuwa anatafuna.

"Mchumba wake anajua?" akauliza Bibi.

"Hajui. Anamficha."

"Mpumbavu," akasema, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Mpumbavu mzuri."

Tamthilia yenyewe ni ya Kikorea, ya zamani. Niliwekewa kwenye flashi sokoni Tengeru siku niliyoteremsha ndizi. Simu zao zina antena, na picha ina ukungu kama asubuhi za huku mlimani. Kuna kaka mmoja anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wote, wanaume kwa wanawake, kwa hiyo hata nesi akilia, analia kwa sauti nzito. Siku ya kwanza Bibi alicheka mpaka akakohoa. Siku ya tatu alikuwa hamsikii tena huyo kaka, anamsikia nesi.

Mapenzi hayakumshughulisha sana. Wakianza kukaribiana, alinituma nikaangalie sufuria hata kama hakuna sufuria motoni. Kilichomkamata ni sehemu ya nne. Mzee mmoja mgonjwa alikataa kupasuliwa kwa sababu ng'ombe wake amebaki peke yake kijijini. Daktari hakumgombeza. Alivua koti jeupe, akapanda basi, akaenda kumkatia ng'ombe majani, na viatu vyake vya ngozi vikazama kwenye tope. Bibi aliniambia nirudishe hapo mara tatu. Mara ya tatu alisema polepole, "Hilo jani analokata siyo zuri, lakini amejitahidi."

Jumamosi aliniita nikae mezani na karatasi. Kanisani kwetu, kabla ya ibada, watu humpa mwinjilisti karatasi zenye majina ya wagonjwa, naye huyasoma ili waombewe. Mkono wa Bibi hutetemeka, kwa hiyo karatasi zake naandika mimi.

"Andika. Mimi Elinipa naomba mumwombee daktari wangu. Ana uvimbe kichwani na hajamwambia mchumba wake."

Kalamu ikasimama. "Bibi, wale ni waigizaji."

"Najua. Nimezaliwa jana?"

"Na ile tamthilia ilichezwa kabla mimi sijazaliwa."

"Basi Mungu atarudi nyuma kidogo. Andika."

Nikaandika.

Jumapili Mwinjilisti Sadoki alisoma karatasi sita, ya Bibi ikiwa ya mwisho. Akaisoma ilivyo, hata habari ya mchumba. Mabenchi yakaguna kwa huruma. Mwaka jana Bibi alivunjika mguu akatibiwa hospitali ya mjini, na kila mtu akaelewa kwamba anayeumwa ni daktari aliyemponya. Yalikuwa maombi marefu. Mama Eunike, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, alilia wazi. Nje watu walimshika Bibi mkono wakimwambia pole, naye akajibu kwa utulivu, "Asanteni. Tuendelee kuomba."

Mimi nilipita mlango wa pembeni, kama kawaida yangu.

Alhamisi kulikuwa na kikao cha wanawake. Mguu ulikuwa unamuuma Bibi, akanituma nikae badala yake. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mafagio. Mama Eunike akasema haifai kumwombea mtu tu bila kumwona, Jumamosi twende hospitali. Mmoja akaahidi mkungu wa ndizi, mwingine maziwa ya mgando, mwingine kuku. Nilijua huo ndio wakati wa kusema. Nikafungua mdomo.

"Marta, unasema?" akauliza Mama Eunike.

Wote wakageuka. Wanawake kumi na wawili.

"Hapana, Mama. Nakohoa."

Nikakohoa kidogo, ili iwe kweli.

Nyumbani nilimwambia Bibi kwamba Jumamosi umoja unakwenda kuona mgonjwa hospitali na yeye anatakiwa awepo. Hakuuliza mgonjwa gani. Usingizi ulinikimbia siku mbili. Bibi yangu ndiye anayekaa na mabinti kabla ya harusi na kuwaambia ukweli wa ndoa. Wakwe wakigombana, anaitwa yeye. Watu wakijua kwamba alilisimamisha kanisa zima kwa ajili ya mtu wa kwenye tivii, nani atamsikiliza tena? Watamwita Mama Korea mpaka Usa River.

Jumamosi saa nne Godwin, aliyejitolea kutupeleka, aliegesha gari lake uwanjani mwa kanisa. Loshoro, mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando, ilikuwa kwenye ndoo yenye mfuniko, ndizi zimepikwa, na kuku alikuwa hai, amefungwa miguu, kwa sababu Mama Eunike alisema daktari akipona atamfuga. Bibi alikuja na kitambaa chake kizuri kichwani.

Mwinjilisti Sadoki akatoa kalamu. "Shikamoo, Bibi Elinipa."

"Marahaba, baba."

"Getini watatuuliza. Daktari wako anaitwa nani, jina kamili?"

Bibi akamtazama. Akaitazama ndoo. Akamtazama kuku, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa yote kwa pamoja. Akaanza kukaza kitambaa kichwani, nacho hakikuwa kimelegea.

"Ni mimi," nikasema.

Sikuitambua sauti yangu. Ilikuwa kubwa.

"Wewe nini?" akauliza Sadoki.

"Karatasi niliandika mimi, kwa utani. Bibi hajui kitu. Huyo daktari hayupo hospitali, yuko kwenye flashi. Ni wa tamthilia, ya Kikorea."

Kuku peke yake ndiye aliyeendelea kunung'unika.

"Mimi nimefunga siku mbili," akasema Mama Eunike taratibu, "kwa ajili ya mtu wa tivii?"

"Mama, nisameheni, ni mimi..."

"Marta, nyamaza," akasema Bibi. "Usidanganye kwenye uwanja wa kanisa. Hajatania mtoto huyu. Nilimtuma mimi, na alijaribu kunikatalia."

Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa khanga, mabega yakimtikisika. Bibi akamwona.

"Cheka tu. Sadoki, mwaka jana ulituombesha kwa ajili ya timu yako ya mpira. Ilikuwa inaumwa?"

"Bibi, ule ulikuwa..."

"Ilifungwa tatu," akasema Godwin kutoka kwenye usukani.

Hapo wengi wakacheka, lakini Bibi hakucheka. Aliegemea gari kupumzisha mguu.

"Mume wangu alilazwa wiki tatu kabla ya kufa. Mnamkumbuka. Kila siku alikuwa ananiuliza, nani anamkamua ng'ombe? Kule wodini hakuna mtu aliyemsikia, walikuwa na kazi nyingi, siwalaumu. Sasa nimemwona kijana mmoja amepanda basi na viatu vyake vizuri, anakwenda kumlisha ng'ombe wa mgonjwa. Najua analipwa kuigiza. Lakini nimemwona. Halafu akaanza kuumwa yeye. Mlitaka ninyamaze?"

Kicheko kiliisha. Mama Eunike alikuwa anatazama chini, akifunga na kufungua kitanzi cha mkoba wake.

"Huyo ng'ombe," akasema mwishowe, "alikuwa ana mimba, au hapana?"

"Mwulize Marta. Mimi huchanganya."

Macho yote yakanirudia. Safari hii hapakuwa na kikohozi cha kunisaidia.

"Alikuwa na mimba," nikasema. "Alizaa huku daktari akiwa palepale, na daktari hakujua la kufanya."

"Daktari mzima?"

"Wa watu, Mama. Alimpigia simu nesi. Ndipo walipoanza kupendana."

"Na amepona?"

"Hatujui. Uvimbe ulipoonekana, Bibi aliniambia nizime. Mpaka leo hajataka niwashe."

Mama Eunike akawaza. "Kwa hiyo hajafa."

"Bado."

"Basi sijafunga bure." Akaweka mkoba chini, akakaa juu ya mfuniko wa ndoo ya loshoro. "Anza mwanzo kabisa. Alifikaje hospitali hiyo?"

Sadoki akasema jamani, chakula kinapoa, wagonjwa wengine wapo wasio na mtu, na saa ya kuwaona inaisha saa nane. Wote wakamwitikia kwamba ni kweli, twende, na hakuna aliyepanda gari. Mimi nikaanza mwanzo, sehemu ya kwanza, mvua inanyesha na nesi amekosa mwavuli. Mmoja akasema kumficha mchumba ugonjwa ni dhambi, mwingine akasema ni upendo, nikawaomba wasubiri kwanza, hatujafika huko. Walisubiri. Godwin akazima injini ili asikie vizuri.

Sadoki aliangalia saa yake mara mbili. Mara ya tatu alinyanyua mkono, akauteremsha bila kuitazama.

"Huyo nesi," akauliza, "wazazi wake walikuwa wanajua?"