Dalia za Bwana Tranter

Mvua ya mawe ilipoanza alasiri ile, Wilfred Tranter, mlinzi wa malango ya maji pale Haddow, aliacha langoni mpini wake wa chuma wa kufungulia maji akakimbia kuyafunika maua yake ya dalia kwa magunia. Kesho yake waamuzi wangekuja kuchagua bustani bora ya walinzi wa mto mzima. Miaka kumi na moja alikuwa anashika nafasi ya pili, hata watu wa mashua wakambandika jina la Bwana wa Pili.

Alikuwa ametoka kuipandisha, toka maji ya chini hadi ya juu, mashua ya Keziah Hambridge, mama aliyeishi mtoni. Kila lango lina vilango vidogo vya kupitishia maji: vya lango la chini alikwisha kuvifungua; vya lango la juu hakuwa amevifunga. Miaka thelathini kazini, na kosa la mwanagenzi. Alipokumbuka, maji ya juu yalikuwa yamekimbilia yote chini, na mashua ya Keziah, iliyofungwa upande huo wa juu kupisha mvua, imelalia ubavu kwenye tope. Sahani zake za arusi, zile zenye ukingo wa matundu ambazo watu wa mashua hutundika ukutani, zilikuwa vigae.

Asubuhi mkaguzi wa mto alifika pamoja na waamuzi. Hakuuliza mengi. Watu wa mashua, alisema, hufungua vilango wasivifunge. Mama huyu atanyang'anywa kibali cha kupita mtoni.

"Au siyo, Wilf?"

Wilfred alitazama viatu vyake. "Huenda."

Waamuzi wakampa kikombe cha fedha. Wakazisifu dalia: hata ua moja halikuchanika. Kule ng'ambo Keziah alikuwa ameinama akichota tope kwa ndoo, wala hakuinua kichwa.

Wilfred akakirudisha kikombe mikononi mwa waamuzi.

"Ni mimi," alisema. "Nilivisahau vilango kwa ajili ya maua haya."

Mkaguzi akamtaka funguo za nyumba ya mlinzi mpaka shauri likatwe. Alizitoa, akavuka kwenda kwa Keziah, kofia kifuani.

"Nilikuona ukikimbia," Keziah alisema.

"Mbona hukusema, mama?"

"Nimwambie nani, Bwana Tranter? Neno langu na lako, lipi lingesikika?"

Uso ulimwaka. Keziah akamsogezea ndoo kwa mguu.

"Haya, Bwana wa Pili. Mambo ya maua yameshaisha. Chota."

Alivua koti, akaingia topeni, akaanza kuokota vigae kimoja kimoja.