Beki wa Chini ya Zege

Du. Kisha, kutoka chini, du.

Ukungu wa asubuhi ulipopungua Nangara, mtaa wa Babati, alionekana Cornel, nahodha wa timu ya kikapu, akidunda mpira kwa mkono wa kushoto. Aliyekuwa akimjibu kutoka chini ya zege ni babu yake.

Mzee Modesti alizikwa hapo kabla Manyara haijawa mkoa, pembeni mwa shamba lake la mbaazi. Mkoa ulipokuja ulihitaji ofisi, barabara na uwanja wa michezo. Makaburi yenye misalaba yalihamishwa. Lake lilikuwa na mawe tu, kama la baba yake, na wapimaji wakaliandika kuwa rundo la mawe. Familia ilipokwenda kulalamika, zege lilikuwa limeshakauka.

Mpira ukidunda juu ya kifua chake hufa. Haurudi mkononi, unalala palepale kama kiazi. Wachezaji wa Nangara hupakwepa bila kufikiri, kama mtu anavyoruka kizingiti cha nyumba yao.

Msimu uliopita walishika mkia, kwa kuwa mechi zote zilichezwa Arusha. Gazeti lililotabiri msimu mpya liliwataja mwisho, tena kwa jina lililokosewa. Lakini sasa Manyara nayo ni mkoa, na nusu ya mechi zitachezwa nyumbani. Kocha Elimringi, mtu wa Moshi aliyehamia Babati pamoja na ofisi mpya, alianza kulala usingizi mzuri.

"Babu ndiye beki bora kanda hii," alisema Sele, mchezaji mwenye maneno mengi. "Hachoki, hachezi faulo, na hadai jezi."

Wakacheka. Cornel naye akacheka.

Timu ya Singida ilikuja kwa mechi ya kirafiki. Mara mchezaji wao akadunda upande wa kushoto, juu ya kifua cha mzee, na mpira ukafa.

"Nyie, mpira wenu hauna upepo," akalalamika.

"Upepo upo, kaka," Sele akajibu. "Labda mkono ndio hauna."

Refa akaubonyeza mpira, akaridhika, akapuliza filimbi. Nangara walishinda. Sokoni watu walianza kumwita Cornel kwa jina, na wenye maduka wakaanza kusema kwamba safari hii kombe la taifa litachezewa Dar es Salaam na vijana wa Babati.

Siku iliyofuata, mchana, Bibi Kornelia, mjane wa Mzee Modesti, alifika kutoka kijijini kwake Mutuka na jembe na shuka mpya. Alivua viatu kabla ya kukanyaga uwanja.

"Shikamoo, Bibi," Cornel akasema.

"Marahaba. Babu yako halali tangu muanze mazoezi."

"Amekuja tena?"

"Anakuja kila jioni. Anakaa mlangoni, ameshika kifua. Jana hakumaliza uji." Akaweka jembe chini. "Nimempatia mahali Mutuka, udongo laini. Vunjeni hili zege nimchukue."

Kocha alisogea, mikono nyuma. "Shikamoo, mama. Tukivunja sasa, uwanja utafungwa. Mechi zote zitarudi Arusha."

"Na kushoto atakaba nani?" Sele akauliza. Safari hii hakuwa akitania.

Bibi aliwapa mgongo. Alimtazama mjukuu wake. "Wewe alikubeba mgongoni. Ukisema livunjwe, litavunjwa. Sema."

Cornel alitazama goli. Akatazama watoto waliokaa ukutani wakisubiri kumwona akirusha. Akaugeuzageuza mpira mikononi mpaka Bibi akachoka kusimama, akaketi juu ya shuka aliyoileta kwa ajili ya mifupa.

Zege lilikuwa limeanza kupata ufa pale juu ya kifua. Kocha akamwita fundi aliyekuwa ameagizwa tangu asubuhi. Fundi alimwaga saruji, akaisawazisha kwa mwiko, taratibu, kama anavyosawazisha sakafu ya sebule. Bibi alifuata kila mpapaso kwa macho. Chini, mzee aligonga, na mlio ukatoka mzito zaidi, kama unatoka mbali.

Cornel akapiga magoti, akainamisha kinywa karibu na saruji mbichi.

"Babu, ni mimi, Cornel. Vumilia msimu huu mmoja tu. Tukirudi na kombe, nitakuja na sururu mwenyewe, nikutoe. Naapa mbele ya Bibi."