Ndimu za Murugesan

Gari lilishapakiwa, majirani wa kambini walishalia na kufuta machozi, lakini dereva Murugesan hakuwasha injini. Alikuwa amepiga magoti, anachungulia chini ya magurudumu.

"Madam, ndimu zangu ziko wapi? Nimeweka nne, kila gurudumu na yake. Sasa hamna hata moja!"

"Twende hivyo hivyo," Meja Dale alifoka. "Ndege haitatusubiri!"

"Safari ndefu bila kuponda ndimu, Meja? Kijicho chote cha watu tusafiri nacho? Mimi siendi."

Corinne, mke wa Meja, aliduwaa. Mwaka mzima mumewe akisoma chuo cha jeshi hapa India, na bado mambo ya hapa yalimpiga chenga. Leo hata ya kwake mwenyewe yalimpiga chenga: mwezi mzima ameimba kurudi kwao Marekani, mbona sasa miguu mizito? Alitafuta uani, akamsingizia mbuzi wa jirani, wapi!

Ndani ya gari, binti yao Tess alikuwa amejikunyata, mifuko ya koti imetuna. Corinne akatia mkono. Ndimu, zina vumbi la barabarani.

"Nimezichukua mimi," Tess alinong'ona. "Bila hizi Murugesan haondoki."

"Corinne! Umeziona?" Meja aliita.

Corinne alimtazama mwanawe. Akazirudisha ndimu mfukoni, akafunga zipu polepole.

"Hapana," alijibu. "Humu hazimo."