Dhahabu ya Kabati

Walimfunga Odoyo mikono kwa kamba ya kuvutia ndoo za mawe kutoka shimoni, na kamba ile haifungi kwa huruma. Wakamkalisha chini ndani ya banda la gemu, mgongo kwenye mabati, uso ukielekea mashine aliyoitunza tangu ilipovushwa mpaka wa Sirari juu ya lori la mahindi. Machimboni Nyangoto watu wote waliiita Kabati. Kwa umbo lilikuwa kabati kweli, ila kifuani lilikuwa na kioo, na ndani ya kioo wanaume wawili walipigana ngumi mpaka mmoja alale. Wachimbaji wakitoka kazini na vumbi lao walipanga foleni kupigana humo, maana humo mtu akianguka aliinuka tena.

Leo kioo kilikuwa cheusi.

Akinyi, mke wa Odoyo, aliingia na mfuko wa vifaa begani. Yeye ndiye fundi redio wa pale senta. Kazi alijifunza Migori kwa mjomba wake, na redio iliyonyamaza Nyangoto ilipita mikononi mwake kabla ya kutupwa. Hakumtazama mumewe. Alijua akimtazama, mikono yake itakimbilia kamba kabla ya mashine, na mikono ndiyo aliyokuja nayo.

Alimwamkia kwanza mwenye mashine. Mama Mogesi alikuwa amekalia kreti la soda, mwanamke mzito wa mwili na wa neno, mnunuzi wa dhahabu ambaye nusu ya wachimbaji walimpelekea vipunje vyao. Kwenye pindo la kitenge chake kulikuwa na fundo nene, na mkono wake wa kushoto haukuwa mbali nalo.

“Marahaba,” alijibu. “Mumeo ameuza moyo wa mashine yangu.”

Habari yenyewe Akinyi alikuwa ameshaisikia njiani, lakini aliiacha isemwe upya. Ndani ya Kabati, kwenye bodi, kulikuwa na chipu moja nyeusi, ndogo kama kidole cha mtoto, yenye miguu mingi ya chuma pande zote mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa mlinzi. Kila mashine ilipowashwa, bodi ilimuuliza mlinzi neno lao la siri, na asipojibu sawasawa, gemu halifunguki. Chipu ya mashine nyingine haikufaa. Mkenya aliyemuuzia Mogesi alimwonyesha kile kidude kwa ncha ya kalamu, akamwambia: mama, hii ndiyo dhahabu ya mashine, hii ikipotea unabaki na mbao. Na kweli miguu yake ilimetameta njano. Mogesi aliiona kwa macho yake, naye si mtu wa kufundishwa rangi ya dhahabu.

Asubuhi hiyo Kabati liligoma kuamka. Walipofungua mlango wa nyuma, walikuta miguu ya chipu ni myeupe kama bati. Funguo za mlango huo zilikuwa mbili, moja ya Mogesi, moja ya Odoyo. Odoyo ana ndugu ng’ambo ya mpaka. Kwa hiyo, kwa hesabu ya watu, chipu ya dhahabu imevuka, na hii nyeupe ni ya bandia.

Nashoni, mdogo wake Mogesi, alisimama mlangoni na rungu. Alisema kesi haina urefu. Wachimbaji wanapanda kutoka mashimoni jua likipoa, wataambiwa nani ameua Kabati lao, na wataamua wenyewe. Hakuna aliyeuliza wataamuaje. Mwizi wa mwisho waliyemwamulia pale hakufikishwa zahanati.

“*Dhi dala*,” Odoyo alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. Nenda nyumbani. “Nenda kwa mtoto.”

Akinyi alipiga magoti nyuma ya mashine, akafungua mfuko.

Aliichomoa chipu kwa bisibisi bapa, taratibu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, akaileta mwangani chini ya lenzi. Alianza na maandishi ya mgongoni. Yalikuwa yaleyale, aliyakumbuka kwa sababu alishawahi kulisafisha Kabati vumbi, na herufi moja ilikuwa imechubuka tangu wakati huo. Alimwambia Mogesi. Mogesi akasema maandishi yanaandikwa, dhahabu haiandikwi.

Basi akashuka kwenye miguu. Weupe wake haukuwa wa bati. Bati huwa na rangi moja tangu juu hadi chini, lakini huu ulikuwa na mabaka, umepanda mguu mmoja hadi shingoni na kwenye mguu mwingine umeishia nusu. Akainamisha lenzi kwenye kiota ambamo chipu hukaa. Kati ya matundu mawili alikiona kitone kidogo, king’avu, cha mviringo. Alikigusa kwa waya. Kikakimbia.

Zebaki.

Nyangoto hakuna asiyeijua zebaki. Inamiminwa kwenye mchanga uliosagwa, inainywa dhahabu, inakamuliwa kwenye kitambaa, na kinachobaki ni donge jeupe. Kitone kile kilikuwa kimeunganisha miguu isiyopaswa kugusana. Lakini Odoyo hakuwa mtu wa mwaloni, kwenye kuoshea dhahabu. Tangu kaka yake aanze kutetemeka mikono kwa sababu ya zebaki, hakuigusa tena hata kwa fimbo.

Alikitoa kitone, akasugua kiota kwa mswaki na spiriti, akairudisha chipu na kuomba jenereta liwashwe. Nashoni alilivuta kamba kwa uvivu wa makusudi. Kioo kikapata mwanga wa majivu, na Odoyo akainua kichwa. Mstari wa maandishi mekundu ukatokea. Akinyi aliusoma kimoyomoyo: mlinzi hajulikani. Kisha giza.

Alijaribu tena. Maandishi yaleyale, giza lilelile. Alijua maana yake. Chipu za aina ile zimeundwa zisifunguliwe na wezi. Zikivurugwa umeme zinafuta neno lao la siri na halizirudii tena. Mlinzi alikuwa yuleyule, ila amejisahau.

“Hata mashine imemkana,” Nashoni alisema, akacheka. “Sasa tumsubiri nani?”

Huko nje karasha za kusaga mawe zilikuwa zimeanza kunyamaza moja baada ya nyingine. Ndiyo ilikuwa saa ya watu kupanda.

Akinyi alisimama na chipu kiganjani. Akaomba aitwe Simioni, mchomaji dhahabu wa pale jirani, ambaye jicho lake liliaminiwa na wauzaji na wanunuzi pia. Simioni akaja, macho mekundu kwa moshi wa miaka. Akinyi akawaambia wote anachotaka: mguu mmoja wa chipu hii uchomwe motoni, jinsi donge linavyochomwa. Kama ni bati, litayeyuka na mtaliona. Kama ni dhahabu iliyonywewa na zebaki, zebaki itaondoka na moshi, na njano itarudi.

Mogesi alikataa. Kama chipu bado inaponyeka, moto utaimaliza, na hapo fundi atakuwa amemwokoa mumewe kwa kuharibu ushahidi.

“Ikitoka nyeupe,” Akinyi alisema, “ongezeni kamba nyingine. Ipo mikono yangu.”

Odoyo aliita jina lake. Hakugeuka.

Mogesi akampa Simioni ishara kwa kidevu. Wakatoka nje pamoja na majirani waliokusanyika, wakasimama upande upepo unakotokea. Simioni aliikamata chipu kwa koleo, akaelekeza ncha ya moto wa kichomeo chake cha gesi kwenye mguu wa pembeni. Plastiki ilinuka. Mguu ulibaki mweupe. Ukaingia kijivu, ukawa mweusi kama masizi, na Nashoni akalihamisha rungu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Njiani sauti za wachimbaji zilikuwa zimeanza kusikika, mtu akiimba, wengine wakimzomea.

Akinyi aliwaza kwamba ngozi ya dhahabu kwenye mguu kama ule ni nyembamba mno, labda zebaki imeila yote.

Simioni aliuondoa moto. Akaupuliza mguu, akaufuta masizi kwa ukucha, akausogeza karibu na jicho. Akaufuta tena. Kisha akamnyooshea Mogesi koleo, kama anavyomnyooshea kila siku.

Ilikuwa njano. Hafifu, yenye vitundu, lakini njano ambayo hakuna mtu wa Nyangoto angeweza kuikosea.

“Hii si ya bandia, dada,” Simioni alisema. “Hii imelala na zebaki. Siku kadhaa.”

Nashoni aliuliza kwa ukali imelala wapi. Akinyi alikuwa anaangalia mkono wa kushoto wa Mogesi, ambao ulikuwa umelishika fundo la kitenge na kulikaza, kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto. Angeweza kulisema. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini mwanamke yule mbele ya ndugu zake, akisukumwa, angekanusha, na neno lake lilikuwa zito kuliko chipu mia. Akinyi akamwachia nafasi.

Sauti za njiani zilikaribia.

Mogesi alilifungua fundo mwenyewe. Ndani kulikuwa na kipande cha kitambaa cha kukamulia, kimekakamaa, na madonge mawili meupe ya asubuhi. Chini yake, kwenye uzi wa kitenge, vitone vya zebaki vilimeremeta.

“Nilisikia wezi wanazunguka,” alisema, polepole, si kwa mtu yeyote. “Nikawa naitoa kila jioni, alfajiri nairudisha gizani. Yule Mkenya aliniambia ni dhahabu. Nikailaza na dhahabu humu fundoni.”

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake, akaacha.

Nashoni alisogea na kisu kuikata kamba. Akinyi akasimama kati yake na mlango.

“Afunguliwe na aliyesema afungwe,” alisema. “Na wakifika hao, wakute mama ndiye anayefungua.”

Ilikuwa kauli ya kukaripiwa, na wengi walisubiri karipio. Mogesi alijiinua, akaingia bandani, akapiga magoti kwenye udongo mbele ya Odoyo. Fundo la kamba lilikuwa limejikaza kwa jasho, vidole vyake havikulipata. Vivuli vya wachimbaji wa kwanza vilipoangukia mlangoni, vilimkuta ameinama juu ya mikono ile, analing’ata fundo kwa meno.