Sauti Nyuma ya Bega la Kushoto

"Kola kwanza, mama. Umeanza na mikono tena."

Mama Pasi aliligeuza shati, akaanza upya kwenye kola. "Haya, mwalimu wangu," alisema, akitabasamu bila kugeuka. Alikwishajifunza kutogeuka. Nyuma ya bega lake la kushoto, sauti ilikotokea, hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta tu, na suti za wateja zikining'inia ndani ya mifuko ya plastiki.

Mwanawe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Homa ya siku tatu. Siku ya nne wakamfunika. Miezi miwili baada ya mazishi, mama akinyunyizia maji suruali ya mtu pale kwa dobi, alimsikia: "Mfukoni kuna kalamu." Akatia mkono. Kalamu ilikuwemo. Alikaa juu ya kapu la mashuka machafu, akalia mpaka kifua kikamuuma, kisha akainuka akaendelea na kazi, maana suruali ilikuwa inachukuliwa saa sita.

Tangu hapo mwanawe alikuja karibu kila siku. Hakuleta habari za kuzimu wala hakutabiri jambo. Alisema vile vile alivyokuwa akisema angali hai: kifungo hiki kimelegea, leo joto kali, mama umekula? Pasi kuukuu ya mvuke ilipokoroma, alitania, "Huyo ndiye baba yetu wa kambo." Wafiwa wengine walibaki na picha. Yeye alibaki na sauti, na hakumwambia mtu.

Mpaka siku ya gauni la harusi. Alikuwa amefika kiunoni, kwenye mikunjo midogo isiyotaka haraka, sauti iliposema kitu ambacho ilikuwa haijawahi kusema.

"Mama, nimechoka kusimama."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi aligeuka. "Kaa, baba, kaa! Ngoja nikupe kiti." Akavuta kiti cha wateja mpaka ukutani, akakipangusa kwa kanga yake. Harufu ya kuungua ilimfikia mwenye dobi chumba cha pili kabla haijamfikia yeye.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na mwanangu. Amechoka."

Mwenye dobi hakuwa mtu mbaya. Alichomoa waya wa pasi, akatazama alama nyeusi kwenye gauni, akatazama kiti kitupu, kisha akampigia simu binti wa Mama Pasi.

Kliniki, daktari aliuliza polepole. "Inakuamrisha ufanye jambo baya?"

"Hapana. Ananiuliza kama nimekula."

"Inakutisha?"

"Kinachonitisha ni siku asipokuja."

Daktari aliacha kuandika. Alisema waliofiwa wengi husikia hivyo, na si wote wanaougua. Lakini mama amekonda, halali, na sasa ameacha moto juu ya nguo. "Tunaweza kukutana kila wiki, tuzungumze, tuone. Au tuanze na dawa."

"Dawa," alisema binti.

"Mimi sijaulizwa?"

"Mama, nimezika kaka. Sitaki kukuzika na wewe ukiwa bado unatembea." Binti alisema hayo akiangalia sakafu. Mama Pasi akaona ana mtoto mmoja aliye hai, na mtoto huyo anaogopa. Akakubali.

Sauti haikukatika mara moja. Wiki ya kwanza maneno yalikuja nusunusu. Wiki ya pili alisikia pumzi tu. Wiki ya tatu alisikia mashine za kufulia, na nyuma ya mashine hapakuwa na kitu.

Usingizi ulirudi, na hamu ya chakula. Majirani wakamwambia amependeza. Ila mikono ilianza kutetemeka, na mikunjo ya sketi haimsubiri mwenye kutetemeka. Daktari akapunguza dozi; mikono haikutulia. Mwenye dobi akamhamishia kwenye kubandika namba za nguo kwa pini, na jioni mashati meupe yakawa na vidoa vya damu.

"Pumzika kwanza, mama," alimwambia. "Nafasi yako ipo."

Alipopita pale kwa dobi mwezi uliofuata, alimwona kupitia kioo mwanamke mwingine kwenye meza yake. Alikuwa anaanza na mikono ya shati. Mama Pasi alisimama pale barabarani, watu wakimkwepa huku na huku, akitega sikio kwa nguvu zake zote. Kisha akarudi nyumbani.

Saa nne asubuhi, siku moja isiyokuwa na lolote, binti alimletea kidonge kama kawaida, na bilauri ya maji. Lakini hakumpa. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama." Aliizungusha bilauri mkononi. "Siku zile zote... alikuwa anasema chochote kunihusu mimi?"

Mama Pasi alimtazama. Akajaribu kukumbuka. Vifungo, joto, kola, umekula? Akarudi siku moja moja, kapu kwa kapu, akitafuta jina la binti yake. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ila kila alipotaka kulitoa alitaka kwanza kuisikia sauti ya mwanawe, jinsi ambavyo angelitamka jina la dada yake, na haikuja.

"Mama?"

Maji yalitulia ndani ya bilauri. Kidonge kilikuwa kimeanza kulainika kwenye kiganja cha binti, kikiacha unga mweupe kwenye mistari ya mkono, na yeye bado anasubiri.